Goti Linapouma, Moyo Huguswa Wapi?

Mtu mzima anayeumwa na goti mjini Eldoret hakosi washauri. Mmoja atamwambia ni baridi: mji uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai zinajulikana. Mwingine atamwambia ni uzee, avumilie. Wa tatu atamtisha kwamba ugonjwa wa magoti huishia moyoni. Wa nne atashikilia kwamba goti halina kosa, kosa ni la vidonge vya goti, na kwamba vidonge hivyo vitupwe leo. Mgonjwa hufuata ushauri wa yule anayemwamini zaidi, hata kama si yeye aliye sahihi.

Uhusiano kati ya kuchakaa kwa viungo na maradhi ya moyo upo, na umepimwa. Kinachobishaniwa ni njia unayopitia. Ubishi huo si wa wasomi peke yao, kwa sababu kila njia ina tiba yake, na tiba inayofunga njia moja inaweza kufungua nyingine.

Kwanza, ni ugonjwa upi?

Sehemu kubwa ya mkanganyiko hutokana na mazoea ya kuyaita maumivu yote ya viungo baridi yabisi. Ndani ya jina hilo wamejificha wagonjwa wasiofanana hata kidogo.

Osteoathritisi, ambayo makala haya yataiita kuchakaa kwa viungo, huanzia kwenye gegedu, ile tishu ngumu yenye utelezi inayofunika ncha za mifupa. Gegedu hulika, mfupa wa chini yake hubadilika na kuota vinundu pembeni, na utando wa kiungo huvimba. Hushika zaidi magoti, nyonga, vidole na uti wa mgongo, na huja polepole, kwa kawaida baada ya miaka 40. Maumivu huzidi kiungo kinapotumika na hupungua kikipumzishwa. Mnamo 2020 ulimwengu ulikadiriwa kuwa na watu milioni 595 wenye ugonjwa huu.

Athritisi ya rumatoidi ni jambo jingine: kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe, mara nyingi vidogo vya mikono yote miwili, na asubuhi hukakamaa kwa muda mrefu. Hapo hatari ya moyo ni kubwa kiasi kwamba madaktari wa Ulaya wa maradhi ya viungo hushauri makadirio ya hatari ya mgonjwa yazidishwe kwa 1.5. Jongo nalo hutokana na asidi ya yuriki inayoganda ndani ya kiungo.

Halafu iko homa ya rumatiki, na hapa ndipo hofu nyingi ilipozaliwa. Mtoto wa umri wa shule huumwa koo kwa sababu ya bakteria, na wiki chache baadaye viungo vinavimba kimoja baada ya kingine. Viungo hupona. Valvu za moyo zinaweza kubaki na makovu ya kudumu, na miaka kadhaa baadaye kijana anahitaji kufanyiwa upasuaji. Kwa hiyo anayesema ugonjwa wa viungo huingia moyoni hakosei kuhusu mtoto huyo. Hukosea anapoyahamisha maneno hayo hadi kwa mama wa miaka 60 ambaye goti lake limechakaa. Kuhusu baridi, inaweza kufanya maumivu yasikike zaidi, lakini haichakazi gegedu. Magoti yanauma Mombasa pia.

Takwimu zilikoanzia

Utafiti unaotajwa sana katika mjadala huu ulichapishwa mwaka 2019 kutoka mkoa wa British Columbia, Kanada. Ulilinganisha wagonjwa 7,743 wa kuchakaa kwa viungo na watu 23,229 wasio na ugonjwa huo. Wagonjwa walikuwa na hatari ya maradhi ya moyo na mishipa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 23. Kwa moyo kushindwa kusukuma damu, ongezeko lilikuwa asilimia 42. Kwa maradhi ya mishipa inayolisha moyo, 17. Kwa kiharusi, 14.

Kabla ya hapo, mwaka 2011, watafiti waliofuatilia watu 1,163 wenye maumivu na uchakavu wa goti au nyonga kusini-magharibi mwa Uingereza walikuta kwamba vifo kati yao vilizidi vya watu wa kawaida kwa asilimia 55, na vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 71. Kadiri mtu alivyoshindwa kutembea ndivyo alivyokuwa karibu zaidi na kifo.

Takwimu hizi ni za nchi ambazo kila mgonjwa ana faili na kila dawa huandikwa. Afrika Mashariki haina daftari la namna hiyo, kwa hiyo asilimia 23 ya Kanada haiwezi kubandikwa Uasin Gishu, kaunti ulipo mji wa Eldoret, kama ilivyo. Lakini njia zenyewe zinaweza kukaguliwa mahali popote. Ziko nne.

Mzizi mmoja, matawi mawili

Hoja ya kwanza husema hakuna kinachosafiri kutoka gotini hadi moyoni: magonjwa yote mawili hulishwa na mambo yaleyale, yaani umri, unene, sukari ya juu na presha. Utafiti wa Framingham nchini Marekani, ulioanzishwa mwaka 1948 ili kuchunguza moyo, ndio pia uliothibitisha kwamba watu wanene hupata uchakavu wa magoti zaidi, na baadaye kwamba wanawake waliopunguza takriban kilo tano walipunguza kwa nusu hatari ya goti kuanza kuuma. Mji mmoja, watu walewale, magonjwa mawili.

Wengi hudhani unene huumiza goti kwa uzito tu. Lakini watu wanene hupata uchakavu wa vidole pia, na hakuna anayetembea kwa vidole vya mikono. Mafuta ya mwilini, hasa ya tumboni, hutoa kemikali zinazochochea uvimbe wa kichinichini, na uvimbe huo hufika kwenye gegedu kama unavyofika kwenye kuta za mishipa.

Kenya ina takwimu zake upande huu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 38.5 ya wanawake wana uzito uliozidi, dhidi ya asilimia 17.5 ya wanaume. Wanawake ndio pia wanaoumwa zaidi na magoti kila mahali ulimwenguni baada ya kukoma hedhi.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inaeleza mengi kwa maneno machache. Udhaifu wake ni kwamba haimalizi hesabu. Watafiti wa Kanada walizingatia umri, uzito, presha na sukari, na bado pengo likabaki.

Aliyeacha kutembea

Hoja ya pili huanzia kwenye maumivu yenyewe. Goti likiuma, mtu hupunguza mwendo. Safari ya sokoni aliyoizoea kwa miguu sasa ni ya bodaboda. Shamba anampa mwanawe. Kanisani hukaa kiti cha nyuma ili asipande ngazi. Baada ya mwaka misuli ya paja imenyauka, na kwa kuwa misuli hiyo ndiyo inayolishikilia goti, maumivu yanazidi. Uzito unapanda, presha inapanda, usingizi unakatika. Moyo ambao haujawahi kuwa na kasoro unaanza kulipa deni la goti.

Ushahidi wa Uingereza unaiunga mkono hoja hii moja kwa moja, na uchunguzi wa Ontario, Kanada, uliotolewa mwaka 2014 ulifikia jambo hilohilo: kadiri mgonjwa wa goti au nyonga alivyobanwa zaidi katika shughuli zake, ndivyo alivyoelekea kupata tukio la moyo miaka iliyofuata. Ni rahisi pia kuikosoa. Asiyeweza kutembea huenda hawezi kwa sababu moyo wake tayari umechoka, na goti linasingiziwa. Hata hivyo kukosea kwa kuiamini hakuna gharama kubwa, maana dawa yake ni kutembea, na kutembea hakumdhuru aliyeelekezwa vizuri.

Vidonge

Hoja ya tatu ndiyo inayogusa mfuko wa mgonjwa, maduka ya dawa na zahanati kwa pamoja, na ndiyo inayostahili nafasi kubwa zaidi hapa.

Dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, kama diklofenaki, ibuprofeni na selekoksibu, huzuia vimeng'enya vinavyozalisha kemikali za maumivu. Kemikali hizohizo zina kazi nyingine: hulegeza mishipa, huzuia chembe za damu zisigandane, na husaidia figo kutoa chumvi. Ukizizuia, maumivu yanapungua, lakini chumvi na maji hubaki mwilini, presha hupanda, na damu huwa tayari zaidi kuganda.

Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa gharama. Tarehe 30 Septemba 2004 kampuni ya Merck iliiondoa sokoni Vioxx, dawa ya viungo iliyotumiwa na mamilioni, baada ya jaribio kuonyesha kwamba iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Wengi walidhani tatizo limeondoka na Vioxx. Mwaka 2013 uchambuzi mkubwa wa majaribio, uliochapishwa katika jarida la Lancet, ulionyesha kwamba diklofenaki kwa kipimo cha miligramu 150 kwa siku iliongeza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa karibu theluthi moja, sawa na jamii ya Vioxx yenyewe. Naproksini haikuonyesha ongezeko hilo. Dawa zote za kundi hili, naproksini ikiwemo, ziliongeza takriban maradufu uwezekano wa kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa.

Miligramu 150 si kipimo cha ajabu. Ni kidonge cha 50 mara tatu kwa siku, jinsi wengi wanavyoelekezwa. Mwaka huohuo watafiti walihesabu nchi zilizoweka diklofenaki katika orodha zao za dawa muhimu wakapata 74. Naproksini ilikuwa katika 27. Ile yenye shaka zaidi kwa moyo ndiyo iliyoenea zaidi.

Je, tatizo ni kubwa kiasi gani kwa mtu mmoja? Katika uchambuzi ule wa Lancet, kati ya watu 1,000 wa hatari ya wastani wanaotumia diklofenaki au dawa za jamii ya Vioxx mwaka mzima, watatu zaidi wangepata tukio kubwa, na mmoja wao angekufa. Hilo halitoshi kumtisha kijana aliyeteguka kifundo akimeza vidonge siku tatu. Ni zito kwa mama mwenye presha anayemeza kila siku kwa miaka. Watafiti wa British Columbia walipopima mchango wa dawa za kutuliza maumivu na uvimbe kwa jumla, walikadiria kwamba zilibeba asilimia 41 ya hatari yote ya ziada. Takwimu hiyo ina nyufa zake, maana anayemeza vidonge vingi ndiye pia mwenye maumivu makali na asiyetembea, na kutenganisha mambo hayo ni kazi ngumu. Lakini hata ukiikata nusu, ni mchango mkubwa kutoka kwa kitu ambacho mtu anaweza kukiacha kesho.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi ni ugomvi wa vidonge hivi na dawa za presha. Enalaprili, losatani na haidroklorothiazaidi hupoteza sehemu ya nguvu zake mgonjwa anapomeza diklofenaki au ibuprofeni kila siku. Amlodipini haiathiriki sana. Mgonjwa anarudi kliniki presha ikiwa juu, muuguzi anadhani hamezi dawa, daktari anaongeza kipimo. Na enalaprili ikikutana na dawa ya kukojoza na diklofenaki katika mwili mmoja, figo zinaweza kuzidiwa, hasa kwa mzee ambaye ameharisha au hanywi maji ya kutosha.

Hapa ndipo mshauri wa nne wa Eldoret anapopata sifa, lakini agizo lake la kutupa kila kidonge lina kasoro. Mgonjwa asiyepata nafuu yoyote huacha kutembea, na tumeona njia hiyo inakompeleka. Parasetamoli, ambayo wengi huikimbilia kama mbadala salama, huleta nafuu ndogo kwa goti lililochakaa, na jaribio la Edinburgh la mwaka 2022 lilionyesha kwamba gramu nne kwa siku zilipandisha presha ya wagonjwa wa presha kwa karibu milimita tano za zebaki. Naproksini ni nafuu kwa moyo lakini tumbo huweza kutoka damu. Sindano ya steroidi ndani ya goti husaidia wiki kadhaa, ila hupandisha sukari ya mwenye kisukari kwa siku kadhaa.

Kilichobaki, na kisichopewa heshima inayostahili, ni jeli ya diklofenaki ya kupaka. Kwa goti na vidole hufanya kazi, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na kidonge. Wagonjwa huidharau kwa sababu haimezwi.

Mishipa ya mfupa

Hoja ya nne ni changa: kwamba mafuta yanayoziba mishipa hupunguza pia damu inayofika kwenye mfupa ulio chini ya gegedu, na gegedu, ambalo halina mishipa yake lenyewe, hufa njaa. Katika utafiti wa Rotterdam, kuta nene za mshipa wa shingoni zilikutwa pamoja na uchakavu wa magoti kwa wanawake. Kama ni kweli, safari ni ya kinyume: moyo na mishipa ndivyo vinavyoanza, goti linafuata. Ni wazo la kuvutia, ila kwa sasa halibadilishi chochote ambacho daktari atamwandikia mgonjwa.

Na wakimbiaji je?

Mji wenye wakimbiaji wengi kama Eldoret hauwezi kuepuka swali la mbio. Imani kwamba kukimbia husaga magoti huwafanya watu wazima waogope hata kutembea haraka. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliounganisha tafiti kadhaa ulikuta uchakavu wa goti au nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano. Anayepita barabara ya Iten kwa ajili ya medali anabeba hatari fulani, mara nyingi kwa sababu ya majeraha. Anayekimbia polepole jioni mara tatu kwa wiki hana cha kuogopa, na asiyefanya chochote yuko pabaya kuliko yeye. Kazi za kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito, ambazo ni nyingi mashambani kuliko uwanjani, zina lawama kubwa zaidi kuliko mbio.

Uzito wa kila hoja

Ukizipima hoja hizi kwa ukubwa wa sababu, mzizi mmoja ndio unaoongoza, kwa kuwa unene na umri vimo ndani ya kila njia nyingine. Lakini umri haupungui, na uzito hupungua kwa shida. Dawa mpya za kupunguza uzito zinaonyesha kinachowezekana: katika jaribio la semaglutidi lililochapishwa Oktoba 2024, wagonjwa wanene wa magoti walipoteza asilimia 13.7 ya uzito na maumivu yakapungua sana. Bei yake bado iko mbali na mkulima wa Moiben, huko huko Uasin Gishu.

Ukizipima kwa kile kinachoweza kubadilishwa wiki hii, utaratibu unageuka. Vidonge vinatangulia, kutembea kunafuata, uzito ni wa tatu, na nadharia ya mishipa inabaki vitabuni. Utaratibu wa pili ndio unaofaa kuongoza kliniki na duka la dawa.

Kuna sababu ya Kikenya ya kuuharakisha. Uchunguzi uleule wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na asilimia 56 ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha maishani. Kati ya wenye presha hiyo, takriban 16 tu kwa kila 100 walijua. Presha haiumi, goti linauma. Kwa wengi goti ndilo litakalowafikisha mbele ya mhudumu wa afya kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na mara nyingi mhudumu huyo ni muuzaji wa kemisti aliye na diklofenaki nyuma yake na hana mashine ya presha mbele yake. Nafasi ya kugundua presha inapotea, na papo hapo inauzwa dawa itakayoipandisha.

Vifaa vya kurekebisha hali hii vipo. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi na mpango wa AMPATH, ulioanza mwaka 2001 kwa ajili ya virusi vya ukimwi kabla ya kupanuka hadi magonjwa sugu, wamefanya utafiti wa presha vijijini magharibi mwa Kenya kwa miaka mingi. Katika jaribio lao la BIGPIC, watu 2,890 wenye presha au kisukari, au walio karibu navyo, waligawanywa katika makundi. Waliokutana kwa kliniki za pamoja huku wakiweka na kukopa fedha walishusha presha kwa wastani zaidi kuliko waliobaki na huduma ya kawaida, ingawa tofauti hiyo haikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu. Saba kwa kila kumi walikuwa wanawake, yaani hao hao wanaoumwa zaidi na magoti. Mikutano hiyo tayari ina kipimo cha presha, ina watu na ina imani. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja hayahitaji zaidi ya kiti na dakika 20, na hakuna sababu ya kutoyaingiza humo. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii nao wamepewa mikoba yenye mashine ya presha, na swali moja zaidi nyumbani, kama kuna anayemeza vidonge vya viungo kila siku, halingewachelewesha.

Wenye maduka ya dawa wana wajibu mwepesi kuliko wote: mashine moja mezani, na jeli ya kupaka ipendekezwe kabla ya kidonge. Na wewe unayeumwa na goti, ukiandikiwa au ukiuziwa dawa ya maumivu, omba kwanza upimwe presha, taja kila dawa unayotumia, na uulize kidonge hicho ni cha siku ngapi.